Mgonjwa wa mashine ya kupumulia: nani anaijua siku ya kumtoa?

#1 Isevya_Kwetu
Wakuu, habari za jioni.

Nina swali na nina dai. Swali: mgonjwa mahututi akishawekwa kwenye mashine ya kupumulia, daktari anajuaje kwamba leo anaweza kutolewa na siyo keshokutwa? Dai: wanakisia, na mara nyingi wanakisia kwa kuchelewa.

Ushahidi wangu ni utafiti wa Hispania uliochapishwa 1995, wa Esteban na wenzake. Walikuwa na wagonjwa 546 walioonekana wameanza kufaa kuachishwa mashine. Wakawaacha wapumue wenyewe kwa saa mbili. Walioelemewa ni 130 tu. Yaani watatu kati ya kila wanne walikuwa tayari siku ileile ya kwanza kujaribiwa. Wangapi walikuwa tayari jana yake, au juzi yake, ila hakuna aliyewajaribu?

La pili ni wale wanaojichomoa tyubu, yaani mrija wa hewa uliopitishwa kooni, kwa mikono yao. Tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba karibu nusu yao hawahitaji kurudishiwa.

Mimi ni mtu wa kompyuta hapa Tabora, tabibu siyo. Ila naona hii ni kazi ya namba: kasi ya kupumua, oksijeni, presha, umri, dawa alizopewa. Kompyuta ikifundishwa kwa kumbukumbu za wagonjwa waliopita, kwa nini isitaje siku? Naomba tujibizane kwa upole, kuna watu humu wana ndugu wodini usiku huu.

#2 Mwisho_wa_Reli
Naweka kambi hapa. Kaka yangu alipata ajali ya bodaboda akaumia kichwa, akawekwa kwenye mashine. Kila asubuhi tunauliza "lini?", tunajibiwa "tunaangalia hali yake". Watu hawaelewi kwa nini ndugu wanaulizia siku. Mtu ametoka Kasulu ameacha shamba, wengine wanajadiliana kuuza ng'ombe, mama anataka kujua kama arudi nyumbani au aendelee kulala kwenye veranda. Tulichotaka ni kupanga maisha, wala hatukuwa tunamgombeza daktari.

#3 SistaZamuUsiku
Isevya, nakujibu kama muuguzi wa chumba cha mahututi, upande huu wa ziwa.

Kila asubuhi kabla ya raundi najiuliza mambo yaleyale. Kilichomleta kimeanza kupungua? Oksijeni anayopewa imeshuka mpaka asilimia 40 au chini yake na damu bado inaipata ya kutosha? Presha inasimama bila kutegemea dawa nyingi ya kuipandisha? Akiitwa anafungua macho? Nikimfyonza makohozi anakohoa kwa nguvu, au analegea tu? Yakikaa sawa, dawa ya usingizi inapunguzwa na anapewa jaribio: anapumua mwenyewe tyubu ikiwa bado kooni, mashine inasaidia kidogo sana au haisaidii kabisa. Dakika 30, wengine mpaka saa mbili.

Hapo sitoki kitandani. Naangalia pua zinavyopanuka, misuli ya shingo inavyovuta, tumbo linavyokwenda kinyume na kifua, jasho la paji la uso. Wapo ambao namba kwenye skrini ni nzuri lakini macho yanakuambia huyu anazama. Hilo jasho kompyuta yako italionea wapi?

Kwangu mimi siku haitajwi. Anajaribiwa kila siku, na asipofaulu leo anapumzishwa, kesho tunaanza upya.

#4 Asali_Mbichi
Watani zetu wa Kigoma leo wameamka na elimu. Sista, kwa bandiko hili nakutumia asali dumu zima, wewe leta migebuka.

Mwangaluka wote. Nafuatilia, mada hii inanigusa.

#5 Dkt_Ganzi
Mleta mada, namba unayoitafuta ipo tangu 1991. Yang na Tobin, Marekani. Unachukua idadi ya pumzi kwa dakika, unagawa kwa ujazo wa pumzi moja kwa lita. Mgonjwa anayepumua mara 24 kwa dakika, kila pumzi mililita 400, anapata 60. Anayepumua mara 36 kwa mililita 250 anapata 144. Mpaka wao ni 105: chini yake kuna matumaini, juu yake subiri. Mtu anayeelemewa huvuta pumzi fupi za harakaharaka, na hesabu hii inalinasa hilo vizuri kuliko vipimo vingi vya gharama. Inahitaji saa ya mkononi na kifaa cha kupima ujazo, basi. Kwa mazingira yetu sijaona kitu kinachoizidi.

#6 Takwimu_Tupu
Daktari, heshima kwako, ila tusiipe ile namba uzito usio wake.

Mpaka wa 105 ulipatikana kwa wagonjwa 36, ukajaribiwa kwa wengine 64. Waliokuwa juu ya mpaka, karibu asilimia 95 walishindwa kweli. Waliokuwa chini, waliofanikiwa ni kama asilimia 78. Kwa hiyo ikisema "hapana" inaaminika kuliko ikisema "ndiyo". Halafu walipima mgonjwa akiwa amechomolewa kwenye mashine, anavuta hewa ya kawaida kwa dakika moja. Siku hizi watu wanaisoma kwenye skrini mashine ikiwa bado inasaidia, na msaada huo unaishusha namba. Wanawake, na waliowekewa tyubu nyembamba, namba yao huwa juu hata wakiwa wazima wa kutoka. Na kuna utafiti wa 2006 ambapo waliolazimika kuivuka namba hiyo kabla ya kujaribiwa walichelewa kuachishwa mashine kuliko ambao haikutumika kwao.

Na wewe Isevya: wale 546 walikuwa wameshachujwa. Usiwachukulie kama wagonjwa wote wa mahututi. Tena kufaulu jaribio hakumaanishi kufaulu kukaa bila tyubu. Kwenye tafiti nyingi, kati ya wanaofaulu na kutolewa, asilimia 10 hadi 20 hurudishiwa. Na nusu ya pili ya wale wanaojichomoa mbona umeiruka? Hao wanarudishiwa kwa dharura, na anayerudishiwa yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa.

#7 Isevya_Kwetu
Nimepokea, Takwimu. Lakini hiyo asilimia 10 hadi 20 ndiyo inanisukuma. Hospitali ambayo hairudishii mgonjwa hata mmoja, mimi nitashuku inawachelewesha wote.

#8 Bi_Ujiji
Wanangu, mimi msomaji tu. Binti yangu alipata kifafa cha mimba, akafanyiwa upasuaji, akawekwa kwenye hiyo mashine. Mtoto akatoka mzima, mama yake amelala. Nikawa naambiwa "amepewa dawa ya usingizi". Najiuliza mpaka leo, alilala kwa ugonjwa au alilala kwa dawa?

#9 SistaZamuUsiku
Shikamoo mama. Kwa kifafa cha mimba mara nyingi ni vyote viwili: ubongo umechoka na degedege, na dawa zinatolewa ili asirudie na asipambane na tyubu. Swali lako ni zito na hata sisi tunaulizana. Mwaka 2008 kulichapishwa utafiti wa hospitali nne za Marekani, wagonjwa 336. Nusu walikuwa wanasimamishiwa dawa ya usingizi kila asubuhi ili waamke, kisha wanajaribiwa kupumua. Wengine waliendelea na dawa kama kawaida, wakapewa jaribio tu. Walioamshwa walikaa siku nyingi zaidi bila mashine na baada ya mwaka walio hai walikuwa wengi zaidi. Waliojichomoa tyubu waliongezeka kwenye kundi lile, lakini waliorudishiwa hawakuongezeka.

Kwa hiyo wapo ambao tunasema "mapafu bado" kumbe ni dawa bado.

#10 Bi_Ujiji
Marahaba mwanangu. Asante.

#11 Mto_Malagarasi
Mimi ni wa tiba ya viungo. Nawasoma mnaongelea mapafu na dawa, msuli mmeusahau. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ndio unaofanya kazi kubwa ya kuvuta hewa. Mashine ikipumua badala yake, unasinyaa, na unasinyaa haraka kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2008 watafiti walichukua vipande vya kiwambo kutoka kwa watu 14 waliokufa ubongo, waliokuwa kwenye mashine kati ya saa 18 na saa 69 tu. Nyuzi za msuli zilikuwa zimepungua unene kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na za watu waliofanyiwa upasuaji wa muda mfupi. Hizo ni siku zisizofika tatu!

Kwa hiyo kila siku ya "tusubiri apate nguvu" inaweza kuwa siku ya kupoteza nguvu. Kama kuna mashine ya ultrasaundi ya kumpimia mjamzito, hiyohiyo inaweza kuonyesha kiwambo kinavyonenepa mgonjwa akivuta hewa. Mimi ningeanzia hapo kabla ya hesabu yoyote.

#12 Dkt_Ganzi
Malagarasi, nakubali nusu. Kiwambo dhaifu kinaonekana kwa wengi ambao bado wanatoka salama. Kwa wazee wetu wenye presha ya muda mrefu mimi naangalia moyo kwanza. Mashine inaposukuma hewa, damu inayorudi kifuani inapungua na chumba cha kushoto cha moyo kinapata nafuu. Ukimwacha apumue mwenyewe damu inarudi kwa wingi, moyo unalemewa, maji yanajaa kwenye mapafu. Wafaransa walilieleza hili mwaka 1988. Mgonjwa anafanya vizuri dakika kumi za kwanza, kisha presha inapanda, anaanza kukoroma maji. Ukisema "mapafu hayajapona" utamrudisha kwenye mashine bure, wakati alihitaji kupunguziwa maji mwilini kwanza.

#13 Mto_Malagarasi
Na ukisema moyo kwa kila mzee utawakausha maji mpaka figo zigome. Tukutane katikati, daktari.

#14 Urambo_Juu
Naomba niwarudishe shambani. Huku kwetu kwenye tumbaku wanaofika kwenye mashine wengine wamekunywa au wamevuta dawa ya kuua wadudu. Shemeji yangu mmoja siku ya kwanza alikuwa anatoka mate na jasho, akapewa dawa, akatulia, akaanza kutuitikia kwa kichwa. Wote tukaona amepona. Siku ya tatu shingo ikalegea kabisa, pumzi ikaisha. Hapo kompyuta ingesema nini?

#15 Dkt_Ganzi
Urambo, umeleta kisa muhimu kuliko vyote humu. Sumu za jamii ile zina kipindi cha pili, kati ya saa 24 na 96 baada ya kunywa. Dalili za mwanzo zimekwisha, akili ipo, halafu misuli ya shingo, ya mabega na ya kupumua inalegea. Ukimtoa kwa kuwa namba za asubuhi ni nzuri, jioni unamrudishia tyubu mbio. Kipimo changu ni kumwambia ainue kichwa kutoka kwenye mto na akishikilie. Asipoweza, tyubu inabaki, hata mashine iandike nini.

Ni vilevile kwa aliyeumwa na nyoka mwenye sumu ya mishipa ya fahamu kama koboko: kope zikiwa bado zimeanguka usiwe na haraka. Na mgonjwa wa pepopunda anaweza kukaa wiki kadhaa, kwake hesabu ya 1991 haina la kusema mpaka mikazo ipungue. Ndiyo maana siku haiwezi kutajwa bila kujua ugonjwa.

#16 Asali_Mbichi
Kuinua kichwa! Hiki kipimo hakihitaji umeme. Nimekipenda.

#17 FundiVifaatiba
Mmegusa umeme, nami naingia. Natengeneza vifaa tiba kanda hii ya magharibi. Mnahoji mgonjwa yuko tayari au la, mimi nauliza mashine inayompima iko tayari? Kihisio cha mtiririko wa hewa kikiingia unyevu kinasoma ujazo wa uongo. Pumzi ya mililita 300 inaonekana 420. Kwa hesabu ya daktari, mtu wa pumzi 36 anatoka 120 anaingia 86, anavuka mpaka bila kupata nafuu yoyote. Mirija ikivuja inakuwa kinyume chake. Kabla ya kuamini kompyuta ya Isevya nataka kujua kihisio kimesafishwa lini.

Baada ya ule mkopo wa IMF wa 2021, ule wa shilingi trilioni 1.3, vyumba vya mahututi na mitambo ya oksijeni viliongezeka mikoani. Ni jambo jema sana. Ila vifaa vinahitaji vipuri na mtu wa kuvihudumia kila wiki.

#18 Mwisho_wa_Reli
Fundi, miaka ile Kigoma inategemea jenereta za dizeli tungekuelewa zaidi. Umeme ukikatika na betri ikaisha wanafanyaje?

#19 SistaZamuUsiku
Tunabinya mfuko kwa mkono, tunapokezana. Na niseme kitu ambacho hakimo kwenye chati: ukibinya kwa muda, mkono unamhisi mgonjwa. Unahisi mapafu yakiwa magumu, unahisi anapoanza kuvuta mwenyewe kabla hujabinya. Kuna wagonjwa nimemwambia daktari "huyu jaribu kesho" kwa sababu ya kilichopita mkononi mwangu usiku.

#20 Dkt_Ganzi
Sista, hivyo ndivyo fani hii ilivyoanza. Mwaka 1952 mlipuko wa polio ulipiga Copenhagen, mashine hazikutosha. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa watobolewe koo na wapumuliwe kwa mfuko. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1500 wakabinya kwa zamu, usiku na mchana. Vifo vikashuka sana.

#21 Isevya_Kwetu
Nimesoma yote na nimefurahi sana. Naomba nitetee kompyuta kidogo.

Kuna hazina ya kumbukumbu za wagonjwa mahututi wa hospitali moja ya Boston, inaitwa MIMIC, watafiti wanaruhusiwa kuitumia baada ya kupata kibali. Programu nyingi za kubashiri utokaji wa mashine zimefundishwa humo. Zinaangalia saa nyingi zilizopita kwa pamoja, jambo ambalo jicho la mtu aliyechoka saa kumi alfajiri halilimudu. Dawa ya usingizi, maji yaliyoingia na kutoka, mapigo, vyote. Hoja za sista, za Malagarasi na za daktari zote zinaweza kuwa safu kwenye jedwali, hata kuinua kichwa.

#22 Takwimu_Tupu
Boston iko usawa wa bahari, Tabora iko kama mita 1,200 juu. Kiwango kilekile cha oksijeni kwenye mashine hakileti oksijeni ileile kwenye damu. Hilo ni dogo, linarekebishika.

Kubwa ni kile kifaa cha kupimia oksijeni kinachobanwa kidoleni. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walilinganisha kifaa hicho na kipimo cha damu yenyewe. Pale kifaa kilipoonyesha 92 hadi 96, wagonjwa weusi karibu asilimia 12 walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa kama asilimia 4. Sasa kwenye wodi ambako kipimo cha gesi za damu hakipatikani kila siku, kidole ndicho macho yetu. Programu iliyojifunza kwa ngozi nyingine itasema mgonjwa wa Nzega yuko tayari wakati damu yake inalia.

Na kumbukumbu za Boston zina wagonjwa wangapi wa dawa ya tumbaku? Wa pepopunda?

#23 Urambo_Juu
Hapo sasa.

#24 FundiVifaatiba
Kumbukumbu zetu wenyewe zipo, kwenye makaratasi, kwa mwandiko wa zamu tatu tofauti. Nani atazichapa?

#25 Asali_Mbichi
Mjukuu wa Mirambo mmoja akipewa soda na mtandao anachapa zote. Niko serious, nina wapwa wawili wamemaliza chuo wako nyumbani. Nikilipiwa nauli nawapandisha treni mpaka Kigoma.

#26 Mwisho_wa_Reli
Waje, tutawalisha ugali wa muhogo na dagaa mpaka wasahau kurudi.

Ila sijajibiwa. Ndugu aliyeko verandani aulize nini, kama "lini" haina jibu?

#27 SistaZamuUsiku
Kaka, uliza hivi: "Leo amejaribiwa kupumua mwenyewe? Kama hakujaribiwa, kimezuia nini? Kama alijaribiwa, alishindwa kwa sababu gani?" Muuguzi yeyote anaweza kukujibu hayo, na jibu la leo ukilinganisha na la jana utaona mwenyewe anakoelekea. Ukiambiwa "alikaa dakika kumi" na kesho "alikaa nusu saa", hiyo ni habari. Kwa aliyeumia kichwa uliza pia kama anaweza kukohoa na kumeza, kwa sababu kuna anayepumua vizuri kabisa ila akitolewa tyubu anapaliwa na makohozi yake.

#28 Dkt_Ganzi
Sista amemaliza. Naongeza jambo ambalo hata sisi hatukubaliani: jaribio liwe gumu kiasi gani. Hispania tena, 2019, wagonjwa 1153. Waliojaribiwa nusu saa kwa msaada mdogo wa mashine walitoka salama asilimia 82. Waliojaribiwa saa mbili bila msaada, asilimia 74. Wenzangu wengi wamehamia kwenye jaribio jepesi. Mimi kwa mgonjwa ambaye nikikosea usiku hakuna wa kumrudishia tyubu kwa haraka bado nampa gumu, tena asubuhi.

#29 Mto_Malagarasi
Daktari, hapo unamwadhibu mgonjwa kwa upungufu wa watumishi.

#30 Dkt_Ganzi
Namlinda nao. Upungufu upo, na saa nane usiku ni mimi ninayepigiwa simu.

#31 Isevya_Kwetu
Basi nabadilisha ombi langu. Programu isitaje siku. Itaje kila asubuhi ni nani wodini anastahili kujaribiwa leo na bado hajajaribiwa, na iandike sababu. Marekani mwaka 1996 walifanya hivyo bila kompyuta, wagonjwa 300: upande mmoja walichunguzwa kila siku na waliofaa wakajaribiwa. Muda wa kati kwenye mashine ukawa siku 4.5 badala ya 6. Kwa mgonjwa wa hospitali ya Kitete hapa Tabora au Maweni kule Kigoma siku moja na nusu ni mashine kumpokea mwingine aliyeko mapokezi.

#32 Takwimu_Tupu
Hiyo ndiyo kazi ya maana, na nitakusaidia bure. Lakini tafuta pia utafiti wa Johns Hopkins wa 2004: mahali ambapo madaktari walikuwa wa kutosha na wanazunguka vitandani muda wote, utaratibu kama huo haukupunguza hata siku. Kwa hiyo kabla hujaandika mstari mmoja wa programu, Isevya, niambie: kule wodini anayekosekana ni wa kukumbusha, au ni wa kukaa dakika 30 kando ya kitanda jaribio likiendelea? Sista, zamu yako mko wangapi kwa wagonjwa wangapi?